Maji Matupu, Bushera na Chai: Historia Fupi ya Kukata Kiu Afrika Mashariki

Makala haya yanahusu jambo ambalo walimu wengi wa Kiswahili tumekutana nalo darasani bila kulitilia maanani. Tunapofundisha mazungumzo ya mkahawani, mhudumu huuliza: "Ungependa kunywa nini?" Wanafunzi hujibu chai, soda, maziwa, maji ya matunda, na wale wanaotoka magharibi ya Uganda huongeza bushera. Ni nadra mtu kujibu kwamba anataka maji. Ukiwadadisi, wengi husema hawayapendi maji matupu kwa kuwa hayana ladha, au kwamba huyanywa wakati wa kumeza vidonge tu. Wapo pia wanaosema kwa wasiwasi kwamba wameambiwa mtu asiyekunywa glasi nane za maji kila siku anaharibu figo zake, na kwamba chai na uji havihesabiwi.

Neno hilo "havihesabiwi" ndilo lililotufanya tuandike. Tunadhani linapingana na historia ya eneo letu, na historia hiyo imehifadhiwa vizuri sana katika msamiati tunaoufundisha. Watu wa Afrika Mashariki, wa pwani na wa bara, hawakuwahi kutegemea maji matupu peke yake ili kukata kiu. Waliyapika, waliyachachusha, waliyatia moshi na viungo, waliyakamua kutoka kwenye ndizi na kuyaangua kutoka juu ya minazi. Walikuwa na sababu zao, na baadhi ya sababu hizo zilikuwa za kufa na kupona.

Kitenzi kimoja, kiu mbalimbali

Kitenzi cha kunywa ni cha kale katika lugha za Kibantu. Waganda husema okunywa, Wanyarwanda na Warundi husema kunywa, kama Waswahili. Jina la maji nalo halijaenda mbali: amazzi kwa Kiganda, amaizi kwa Kinyankore, amazi kwa Kinyarwanda na Kirundi. Hapa mwanafunzi wetu hahitaji somo refu. Matata huanza kwenye kiu. Kwa Kiganda ni ennyonta, kwa Kinyarwanda ni inyota. Kwa hiyo mwanafunzi anayekaukiwa koo humwambia mwalimu kwamba "ana nyota", na mwalimu aliyetoka pwani hubaki akijiuliza ni bahati gani hiyo iliyomshukia kijana huyu saa nane mchana.

Kiswahili chenyewe kilizaliwa mahali ambapo maji ni mengi na hayanyweki. Ndiyo maana kina maneno "maji ya chumvi", "maji baridi" na "maji matamu". Mgeni akisikia kwamba kisima fulani kina maji matamu hudhani yametiwa sukari. Maana yake ni kwamba hayana chumvi, basi. Mtu aliyekulia kando ya Ziwa Viktoria hakuhitaji tofauti hiyo, na kwa kweli wanafunzi wetu wa Jinja na Entebbe huishangaa. Lakini mtu wa visiwani, ambaye kisima kikichimbwa karibu mno na ufuko hutoa maji yenye chumvichumvi, alihitaji kulitaja jambo hilo kila siku.

Maji machungu ya njiani

Hali ilikuwa ngumu zaidi katika njia za misafara zilizotoka Bagamoyo kwenda Tabora na kuendelea hadi Ujiji, Karagwe na Buganda. Baada ya Mpwapwa, kabla ya kuingia Ugogo, kulikuwa na nyika isiyo na maji ambayo wasafiri wa karne ya 19 waliiandika kwa jina la Marenga Mkali. Malenga ni maji kwa Kigogo. Jina zima lilimaanisha maji makali, yaani yenye chumvi na uchungu. Chunyo, kituo kilichokuwa ukingoni mwa nyika hiyo, kina jina linalofanana na neno la Kiswahili chunyu, ule unga wa chumvi unaobaki mwilini mtu akitoka kuoga baharini. Hatudai kwamba majina haya mawili yana asili moja, lakini msafiri aliyeonja maji ya huko asingeona ajabu.

Wapagazi walikuwa na mbinu yao ya kuvuka sehemu kama hizo. Richard Burton, aliyepita njia hiyo mwaka 1857, aliliandika neno lao kama tirikeza. Lilikuwa jina la mwendo wa alasiri. Msafara ulipika na kula mchana mahali penye maji, ukajaza vibuyu, ukaondoka jua likianza kupungua makali, ukalala porini pasipo na maji, kisha ukaamka alfajiri kuyafuata maji ya mbele. Sisi tunashawishika kulihusisha neno hilo na kitenzi teleka, kuweka chungu mekoni, kwani chakula kilipikwa kwanza ndipo safari ikaanza. Siku hizi telekeza tunaisikia zaidi kwenye habari za wazazi wanaoacha familia zao, na hakuna mwanafunzi anayekumbuka vibuyu.

Pamoja na uchungu wa maji kulikuwa na maradhi. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua watu wengi Unguja. Daktari James Christie, aliyekuwa akifanya kazi huko, alichapisha mwaka 1876 kitabu kizima kuhusu milipuko ya kipindupindu Afrika Mashariki, akieleza jinsi ugonjwa ulivyosafiri pamoja na watu katika njia za biashara. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alileta maji ya mfereji mjini Unguja kutoka chemchemi za kaskazini ya mji. Kabla ya hapo, na kwa muda mrefu baada ya hapo katika sehemu nyingine, kunywa maji matupu kulikuwa jambo la kubahatisha. Mtu aliyeona maji yaliyochemshwa ni bora hakuhitaji kujua habari za vijidudu. Aliona tu nani anaugua na nani haugui.

Mtungi, dafu na mdila

Katika nyumba za pwani maji ya kunywa yalikaa mtungini. Mtungi wa udongo hupooza maji kwa sababu kiasi kidogo hupenya kwenye kuta zake na kukauka nje, na kukauka huko huchukua joto. Gudulia, chombo kidogo chenye shingo, lilifanya kazi hiyohiyo kando ya kitanda. Lakini ubaridi haukutosha. Kabla ya kutia maji, mtungi ulifukizwa: ubani uliwekwa juu ya makaa katika chetezo, mtungi ukafudikizwa juu yake mpaka ukajaa moshi, kisha maji yakatiwa. Maji yalitoka na harufu iliyomfanya mtu aombe kata ya pili. Hii ni dawa ya kale kabisa ya kutopenda maji matupu, na haina hata chembe moja ya sukari.

Wasomaji wetu wa Ankole watakuwa wameshatabasamu. Kwao vyombo vya maziwa hufukizwa kwa moshi wa majani ya emburara, na maziwa yasiyo na harufu hiyo huonekana kama yana upungufu. Pwani ni ubani na maji, Ankole ni majani na maziwa, lakini fikra ni moja: kinywaji huanza kwenye chombo.

Dafu lilikuwa kisima kinachoota juu. Maji yake yamefungwa ndani ya tunda, hayakuguswa na mkono wala ndoo, na yana utamu kidogo na chumvi kidogo. Ukwaju na ubuyu viliroweshwa na kukorogwa. Kutoka lugha za Kiarabu na Kiajemi likaja neno sharubati, lenye mzizi wa Kiarabu unaomaanisha kunywa, na pamoja nalo desturi ya kutia maji ya matunda katika bilauri na kumkaribisha mgeni. Wakati wa Ramadhani, nyumba nyingi za pwani hufuturu kwa tende na uji mwepesi, mara nyingi wenye pilipili manga. Mtu aliyeshinda na kiu tangu alfajiri hupewa uji, na hakuna anayemwambia kwamba uji hauhesabiwi.

Kisha kahawa. Muuza kahawa wa pwani hupita na mdila juu ya makaa, akigonganisha vikombe ili watu wasikie, na kahawa yake chungu hunywewa kwa finjani ndogo pamoja na halua au kashata. Kahawa hii haikukusudiwa kukata kiu kwa wingi wake. Ilikuwa ni ya mazungumzo. Hata hivyo tunaitaja kwa sababu ya jambo linalofurahisha la kilugha. Huku kwetu kando ya ziwa buni ilikuwapo tangu zamani, lakini hatukuinywa. Waganda na Wahaya waliitafuna. Tunda moja la buni lina mbegu mbili, na katika Buganda mbegu hizo ziligawanywa kati ya watu wawili waliofanya undugu wa kuchanjiana. Mgeni alikaribishwa kwa buni za kutafuna. Kinywaji cha kahawa kilikuja baadaye, kwa njia ya wafanyabiashara wa pwani, nacho kikaja na jina lake. Ndiyo sababu Kiganda hadi leo kina maneno mawili: emmwanyi ni zile buni zilizoko shambani na mkononi, na kaawa ni ile iliyoko kikombeni. Mwanafunzi akitambua hilo tu, ameshasoma ukurasa mzima wa historia ya biashara.

Kinywaji kinachotafunika: bushera na jamaa zake

Tukifika bara, nafaka ndiyo yenye usemi. John Hanning Speke alipopita Karagwe na Buganda mwaka 1861 na 1862 aliandika "pombe" karibu kila alipokutana na kinywaji cha wenyeji, hata kile cha ndizi. Watu wake walikuwa Waungwana waliozungumza Kiswahili, wakiongozwa na Sidi Mubarak Bombay, na neno lao likafunika majina yote ya wenyeji. Hili ni hasara kwa msomaji wa leo, kwa maana chini ya neno hilo moja mlikuwa na vinywaji vya kulewesha na visivyolewesha, vya wazee na vya watoto.

Tuchukue bushera, kinywaji cha Kigezi na Ankole. Huanza na mtama au ulezi ulioota. Nafaka huroweshwa, hufunikwa mpaka ichipue, huanikwa jua na kusagwa. Huko Kigezi, mtama mwekundu wenye uchungu huchanganywa kwanza na majivu ya kuni, na majivu hayo hupunguza ule ukakasi unaokausha kinywa. Unga hupikwa na maji, kisha huachwa. Siku ya kwanza ni mtamu na watoto huunywa. Siku ya pili hadi ya nne unachacha, na watu wazima wanaokwenda shambani huubeba katika kibuyu. Ukiachwa zaidi, au ukitiwa asali, unaingia katika jamii ya vileo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzao wa Norway walichapisha mwaka 2003 uchunguzi wa bakteria wanaochachusha bushera. Ni wale wa asidi ya maziwa, ndugu wa wanaogandisha mtindi.

Kusini ya Tanzania, hasa Ruvuma, kinywaji cha namna hiyo huitwa togwa. Uji wa mahindi hupikwa mzito, hupoa kiasi, kisha hutiwa unga wa kimea cha ulezi. Hapo hutokea jambo ambalo tungependa kila mwalimu alione kwa macho yake: uji uliosimama kama ugali mlaini hulegea katika muda wa dakika chache na kuwa kinywaji. Vimeng'enya vya kimea vimekata wanga vipande vipande. Baada ya usiku mmoja huchacha, na ile asidi hufanya vijidudu vingi vya kuharisha vishindwe kukua. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Tanzania na Sweden walilithibitisha hilo kwa togwa katika maabara na kwa watoto wadogo. Bibi aliyempa mjukuu togwa badala ya maji ya bwawa alikuwa na hoja.

Neno kimea lenyewe linatufaa darasani. Linatokana na kumea. Kiganda husema okumera, na Wanyarwanda huita mtama ulioota amamera. Kiswahili kimepoteza konsonanti katikati ya irabu, kama kilivyofanya katika maneno mengi, lakini mbegu ni ileile na mbinu ni ileile. Rwanda nako, mtama usiochachuka sana hutoa ubushera, na uliochachuka hutoa ikigage. Mipaka ya mwaka 1885 na iliyofuata haikupita ndani ya chungu.

Ndizi nazo zina hadithi yake. Ndizi za aina maalumu huivishwa, humenywa na kutiwa katika mtumbwi wa mbao pamoja na majani makavu, hupondwa kwa mikono au kukanyagwa kwa miguu, na maji yake hutoka bila kuongezwa maji yoyote. Waganda huyaita omubisi, Wanyankore eshande, Wanyarwanda umutobe. (Mtumbwi huo wa kukamulia Waganda huuita eryato, jina hilohilo la chombo cha kuvukia ziwa.) Ni siku inayofuata tu, baada ya kutiwa mtama uliokaangwa, ndipo huwa tonto. Mgeni asiyeuliza ni ya jana au ya leo anaweza kushindwa kurudi nyumbani.

Tunasisitiza tofauti hii kwa kuwa vitabu vingi vya kiada huviweka vinywaji hivi vyote chini ya kichwa "pombe za kienyeji". Mwanafunzi anayesoma hivyo hujifunza kwamba babu zake walikuwa walevi, wakati ambapo sehemu kubwa ya walichokunywa mchana ilikuwa chakula chepesi chenye maji mengi.

Chai inaingia, na sukari nyuma yake

Chai ni mgeni aliyekuja akakaa kiti cha mbele. Mche ulipandwa katika bustani ya Entebbe mwaka 1900, na Limuru, Kenya, mwaka 1903. Wajerumani nao waliujaribu Amani, katika milima ya Usambara. Rwanda ilianza mwaka 1952. Hayo ni mashamba. Mazoea ya kunywa yalienea kwa njia nyingine: shule za misheni, kambi za askari, nyumba za walowezi, na hasa maduka ya Wahindi yaliyofuata reli iliyojengwa kati ya 1896 na 1901. Ni ladha ya Kihindi iliyotupa chai ya maziwa yenye tangawizi na iliki, iliyochemshwa yote pamoja katika sufuria moja. Jina nalo lilipita Asia: chai, kutoka cha ya Kichina.

Kwa upande wa afya ya umma, faida kubwa ya chai haikuwa majani bali moto. Mtu asiyechemsha maji ya kunywa kwa sababu kuni ni ghali huyachemsha kwa ajili ya chai. Ndivyo chai ilivyogeuka kuwa maji salama kwa mamilioni ya watu ambao hawakuyaita maji. Lugha imelikiri hilo. "Kunywa chai" ni kifungua kinywa chote, hata kama kuna mihogo na mayai; na ofisa anayetaka hongo huomba "chai", kana kwamba anaona haya kutaja fedha.

Chai isiyo na maziwa imepata majina mengi kuliko inavyostahili. Tanzania ni chai ya rangi. Nairobi ni strungi. Mombasa husikika chai ya mkandaa, kwa sababu rangi yake hufanana na ile inayotolewa kwenye magome ya mkandaa, mti wa mikoko uliotumika kutia rangi na kuhifadhi ngozi. Kampala watu huiita kavu, kwa Kiganda mukalu, nayo ni majimaji matupu!

Lakini chai ya Uganda ilihitaji sukari. Kiwanda cha Lugazi kilianza mwaka 1924 na cha Kakira mwaka 1930, vyote vikiwa vya wafanyabiashara wenye asili ya India. Katika muda wa miaka 40 hivi sukari ikatoka kuwa anasa ikawa haki. Ndipo Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, na uzalishaji ukaporomoka. Sukari ikaadimika pamoja na sabuni na chumvi. Watu walipanga foleni kwa ajili ya kilo moja, na wengi walizoea chai isiyo na sukari. Wengine waliacha chai wakarudia uji.

Miaka hiyo ilituachia msamiati wa Kiswahili ambao kila Mganda wa umri fulani anaujua, hata yule anayesema hajui Kiswahili. Biashara ya siri iliitwa magendo. Waliotajirika kwa kupewa maduka ya Waasia waliitwa mafuta mingi. Mwalimu wa sarufi atataka kusahihisha: mafuta mengi. Tunamwomba asifanye hivyo. Kosa hilo la upatanisho wa ngeli ni hati ya kihistoria, nalo linasema mengi kuhusu njia ambayo Kiswahili kiliingia Uganda, yaani kambini na sokoni zaidi kuliko darasani.

Glasi nane zilitoka wapi?

Sasa turudi kwenye "havihesabiwi". Mwaka 1945 bodi ya chakula na lishe ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani ilisema mtu mzima anahitaji takriban lita 2.5 za maji kwa siku, ikaongeza kwamba sehemu kubwa ya kiasi hicho imo tayari katika chakula kinachopikwa. Inaelekea watu walisoma nusu ya kwanza, wakaacha ya pili. Mwaka 2002 Heinz Valtin, mtaalamu wa figo, alichapisha makala ya kutafuta ushahidi wa kisayansi wa glasi nane kwa watu wenye afya njema; hakuuona. Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliweka lita 2 kwa mwanamke na 2.5 kwa mwanamume, ikihesabu vinywaji vyote na maji yaliyomo katika chakula. Uji umo. Mchuzi umo. Tikitimaji na chungwa vimo.

Je, chai na kahawa si zinakojoza? Kwa kiasi cha kawaida, mazoea huondoa sehemu kubwa ya athari hiyo. Watafiti wa Birmingham, Uingereza, walichapisha mwaka 2014 jaribio la wanaume 50 waliozoea kahawa. Waliokunywa vikombe vinne kwa siku hawakupungukiwa maji mwilini kuliko walipokunywa maji. Jambo la kuangaliwa katika chai ni jingine: inapunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma, hivyo mwenye upungufu wa damu aitenganishe na mlo.

Wakati mwingine maji matupu hayatoshi kabisa. Mwaka 1968 huko Dhaka madaktari walionyesha kwamba mgonjwa wa kipindupindu anaweza kuokolewa kwa kunywa maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo maalumu, kwa kuwa utumbo hufyonza chumvi na glukosi pamoja, na maji hufuata. Mwaka 1971 njia hiyo iliokoa maisha ya wengi katika kambi za wakimbizi wa vita vya Bangladesh. Pakiti za ORS zilizoko katika zahanati zetu zimetoka huko, na kwa mgonjwa anayeharisha hakuna chai wala bushera inayochukua nafasi yake.

Adui katika historia hii, kama yupo, ni sukari. Soda ya mililita 300 ina takriban gramu 30. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku, na kwa mtu mzima hiyo ni kama gramu 50. Chupa mbili zimeshapita. Kijana anayekimbia maji matupu akakimbilia soda hajafuata desturi ya mtu yeyote. Anayechemsha chai na kupunguza sukari kijiko kimoja baada ya kingine, anayebeba bushera ya siku ya kwanza, anayetia kipande cha ndimu au tangawizi katika chupa yake, au anayefukiza mtungi, huyo anafanya walichofanya wengi kabla yake. Mwenye ugonjwa wa figo au moyo amsikilize daktari wake, maana kwake kiasi chenyewe ni sehemu ya tiba.

Swali la istilahi

Lipo jambo moja tulilobishana katika idara yetu kwa muda. Bushera tuiiteje katika Kiswahili? Baadhi yetu walipendekeza togwa, kwa sababu neno hilo limo katika kamusi na mbinu zinafanana. Wengine walisema uji mchachu. Rai iliyoshinda ni kuliacha neno lilivyo. Togwa ni ya mahindi na kimea cha ulezi, ina watu wake na mahali pake. Uji mchachu ni maelezo, si jina. Kilichobaki ni ngeli. Wanafunzi wa Kigezi, wakifuata lugha yao, husema "bushera umechacha", kama uji. Wale wa Kampala husema "bushera imechacha", kama chai na soda. Katika mitihani yetu tunakubali zote mbili kwa sasa, mradi mwanafunzi asizichanganye katika sentensi moja.